Zana za mtandaoni darasani: Mwalimu wa Dzaleka achague nini pale intaneti inapokuwa haba?

Mwalimu anayefundisha hesabu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, anaweza leo kupata kwenye simu yake masomo mengi kuliko yaliyomo katika vitabu vyote vya shule yake. Wingi wa masomo si tatizo tena. Anachokosa ni bando la kuyafungua, vifaa vya kuyaonyesha mbele ya darasa kubwa, na uhakika kwamba watoto walioketi mbele yake wanaielewa lugha ambayo masomo hayo yameandaliwa.

Maswali hayo humkabili pia mwalimu wa Kawale, mtaa wenye watu wengi mjini Lilongwe, takribani kilomita 45 kutoka kambini. Hata hivyo, kwa mtoto mkimbizi jibu lina uzito wa pekee. Atafanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi kwa lugha ambayo huenda hakuisikia kabla ya kuvuka mpaka, katika nchi ambayo haimruhusu kwa urahisi kuishi na kufanya kazi nje ya kambi. Cheti ni miongoni mwa vitu vichache anavyoweza kuvibeba popote atakapokwenda.

Makala hii inaeleza zana ambazo mwalimu katika mazingira kama hayo anaweza kuzitumia, namna zinavyofanya kazi, ushahidi uliopo kuhusu manufaa yake, na tahadhari zinazohitajika kabla ya kuziingiza darasani.

Kambi iliyojaa kupita kiasi

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, mahali hapo palikuwa gereza, na katika enzi ya Rais Hastings Kamuzu Banda wapinzani wa kisiasa walifungwa humo. Kambi ilipangwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa inahifadhi zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1987, lakini iliweka masharti kuhusu vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Kwa miaka mingi utekelezaji haukuwa mkali, na baadhi ya wakimbizi walianzisha maisha na biashara ndogo mjini Lilongwe. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru warudi kambini, na mwezi Mei mwaka huo polisi wakaanza operesheni ya kuwahamisha. Familia zilirudi Dzaleka na watoto waliokuwa wakisoma shule za mjini, na madarasa ya kambini, ambayo tayari yalikuwa yamefurika, yakapokea wanafunzi wengine.

Mwalimu anayetafuta zana za mtandaoni katika hali hii anatafuta namna ya kumfikia mtoto wa safu ya nyuma ambaye hana kitabu na haoni ubao vizuri.

Lugha nyingi, ubao mmoja

Kizingiti cha kwanza ni lugha. Nyumbani mtoto wa Dzaleka anaweza kuwa anazungumza Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe au Kifuliru. Njiani na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu waliotoka nchi tofauti. Wenyeji wanaoizunguka kambi huzungumza Chichewa. Shuleni, sheria ya elimu ya Malawi ya mwaka 2013 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na mitihani ya taifa huandikwa kwa lugha hiyo.

Kwa watoto waliowahi kusoma Congo au Burundi kuna tatizo jingine lisiloonekana haraka. Mifumo ya elimu ya nchi hizo ilirithi kanuni za uandishi wa hesabu za Kifaransa, ilhali Malawi ilirithi za Kiingereza. Aliyesoma Uvira au Bujumbura hujifunza kuandika tatu na nusu kwa mkato: 3,5. Malawi huandika kwa nukta: 3.5. Kwa mfumo wa kwanza, 1.250 inaweza kusomwa kuwa elfu moja mia mbili na hamsini; kwa mfumo wa pili ni moja na robo. Mpangilio wa kugawanya nao hutofautiana: kwa kanuni za Kifaransa kigawanyo huwekwa kulia na jibu huandikwa chini yake, wakati kwa Kiingereza kigawanyo hukaa kushoto na jibu hukaa juu.

Matokeo yake ni kwamba mtoto anayejua kugawanya vizuri kabisa anaweza kukosea maswali yote ya video nzuri ya mtandaoni, na programu ikamhesabu kuwa hajui. Programu nyingi hazina namna ya kutambua kwamba tatizo lake ni alama ya mkato tu. Mwalimu anayezijua njia zote mbili hulitambua mara moja. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kuchagua zana yoyote ni mwalimu kuipitia yeye mwenyewe, kwa macho ya mwanafunzi wake, na kujiuliza ni wapi mtoto huyo atakwama.

Hesabu ya bando

Kizingiti cha pili ni gharama. Video ya dakika 10 yenye ubora wa wastani hutumia takribani megabaiti 100. Wanafunzi 40 wakiifungua kila mmoja kwa simu yake, darasa litatumia takribani megabaiti 4,000, yaani gigabaiti 4, kwa somo moja. Mwalimu akiipakua mara moja na kuinakili kwenye vifaa vingine kwa waya au kwa kadi ya kumbukumbu, gharama hubaki megabaiti 100.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua zana ipi inafaa. Katika mazingira ya Dzaleka, na katika shule nyingi za mitaa kama Kawale ambako umeme hukatika, intaneti inafaa ichukuliwe kama kisima: mwalimu huteka maji kule yalipo na kuyabeba hadi darasani. Zana inayolazimisha kila mwanafunzi awe kisimani kila dakika itamshinda, hata iwe nzuri namna gani.

Utamaduni huo si mgeni nchini Malawi. Vibanda vya kujazia nyimbo na filamu kwenye simu na kadi za kumbukumbu ni sehemu ya maisha ya mjini. Njia hiyo hiyo inaweza kubeba masomo.

Zana zinazofanya kazi bila intaneti

Kolibri ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la Marekani. Huwekwa kwenye kompyuta moja, hata ya bei nafuu, pamoja na masomo yaliyopakuliwa mapema: video, mazoezi ya hesabu, vitabu vya hadithi na majaribio ya sayansi. Kompyuta hiyo huunganishwa na ruta ndogo, nayo hurusha mawimbi ndani ya chumba bila kuhitaji intaneti. Simu au vishikwambi vilivyo karibu hufungua masomo kana kwamba vimo mtandaoni. Mwalimu anaweza kupanga masomo, kutoa jaribio, na kuona ni swali gani limewashinda wengi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kwa darasa kubwa, kwa kuwa humwonyesha mwalimu mahali pa kurudia kesho yake.

Kiwix hufanya kazi inayofanana kwa upande wa vitabu vya marejeo. Huhifadhi Wikipedia nzima katika faili moja. Toleo la Kiingereza lenye picha linakaribia gigabaiti 100, lakini la Kiswahili, lililoanza mwaka 2003 na lenye makala makumi ya maelfu, ni dogo zaidi na linaweza kukaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Mwalimu anayeandaa somo la jiografia usiku hahitaji bando. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba makala za Kiswahili hutofautiana kwa ubora, na nyingine ni fupi mno.

African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kiswahili na Chichewa. Hadithi hizo zina leseni huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapisha na kuzitafsiri. Kwa mwalimu wa Dzaleka ruhusa hiyo ya kutafsiri ni muhimu kama hadithi zenyewe. Wanafunzi wa Darasa la 6 wanaweza kuchukua hadithi ya Kiswahili, kuiandika kwa Kibembe au Kirundi kwa ajili ya wadogo zao, kisha kuisoma tena kwa Kiingereza. Hadithi moja hutumika katika lugha tatu, na karatasi zilizochapishwa hubaki darasani hata simu zote zikizimika.

Kwa watoto wadogo kuna vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me vya shirika la Ubongo la Tanzania. Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014 na hufundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Mtoto wa Congo atakutana na maneno ya Kiswahili cha Tanzania asiyoyazoea, lakini umbali huo ni mdogo kuliko ule wa kutoka Kiswahili hadi Kiingereza.

Ushahidi unasema nini?

Madai kuhusu teknolojia ya elimu ni mengi kuliko uthibitisho wake. Hata hivyo, majaribio mawili yaliyofanyika karibu na wasomaji wa Kiswahili yanatoa mwanga.

La kwanza lilifanyika mkoani Tanga, Tanzania, kama sehemu ya shindano la Global Learning XPRIZE. Kwa miezi 15 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wapatao 3,000 katika vijiji takribani 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuhudhuria shule. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walitangazwa mwezi Mei 2019, na programu za waliofika fainali zikawekwa wazi ili zitumiwe bure.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa takribani nusu. Ni hatua kubwa kwa watoto wasio na mwalimu. Lakini takwimu hiyo hiyo ina upande wa pili: sehemu kubwa ya watoto walikaa na vifaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja bila kufikia kusoma neno moja.

Jaribio la pili lilifanyika Lilongwe kwenyewe, katika shule ya msingi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, waliwagawa wanafunzi wa madarasa ya chini katika makundi matatu. Kundi moja lilitumia vishikwambi vyenye programu ya hesabu kwa Chichewa. La pili lilipewa vishikwambi vyenye programu zisizo za hesabu. La tatu liliendelea na masomo ya kawaida. Baada ya wiki 8, waliotumia programu ya hesabu ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika somo hilo. Kundi la pili ndilo linaloipa matokeo hayo maana: kushika kifaa peke yake hakukumfundisha mtoto hesabu. Kilichosaidia ni somo lililopangwa vizuri, kwa lugha aliyoielewa. Wizara ya Elimu ya Malawi, ikishirikiana na shirika la Imagine Worldwide, tangu hapo imeanza kusambaza vishikwambi vya aina hiyo, vinavyochajiwa kwa umeme wa jua, katika shule za msingi za umma.

Duniani kwingine kuna funzo la tahadhari. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, lakini tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya Amerika haikuona ongezeko la alama za hesabu wala lugha. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisisitiza kwamba ushahidi huru na wa kuaminika bado ni mdogo, na kwamba teknolojia haipaswi kuchukua nafasi ya mwalimu.

Akili mnemba: msaidizi wa kuangaliwa

Tangu ChatGPT ilipozinduliwa mwezi Novemba 2022, walimu wengi wameanza kutumia akili mnemba kuandaa maswali, kufupisha maandishi na kutafsiri. Tafsiri ya Google nayo imepanuka: Chichewa kiliongezwa mwaka 2014, Kinyarwanda mwaka 2020, Lingala mwaka 2022 na Kirundi mwaka 2024. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wa lugha tano, huu ni msaada ambao miaka 15 iliyopita haukuwepo.

Hatari iko katika istilahi. Neno moja la Kiingereza hubeba maana kadhaa, na mashine inaweza kuchagua isiyofaa. Katika somo la hesabu, neno linalopaswa kuwa "ujazo" laweza kutafsiriwa "sauti". "Jedwali" likageuka "meza". "Wastani" ukawa "maana". Na "namba witiri" zikawa "namba za ajabu". Mtu mzima atacheka na kuendelea. Mtoto anayejifunza neno hilo kwa mara ya kwanza hana namna ya kujua kwamba amepotoshwa, na atalibeba hadi chumba cha mtihani.

Matumizi salama ni yale ambayo mwalimu anabaki kuwa mhakiki wa mwisho. Aombe maswali 10 ya sehemu na desimali, ayatatue yote mwenyewe, afute yaliyokosewa, kisha ayaandike ubaoni. Kazi hiyo hutumia bando dogo, kwa kuwa ni maandishi matupu, na humwokolea muda wa kuandaa bila kumkabidhi mwanafunzi kitu ambacho hakijakaguliwa.

Majina ya watoto yasiachwe mtandaoni

Huduma ya bure mara nyingi hulipiwa kwa njia nyingine. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa zaidi ya 160 za elimu ya mtandaoni zilizopendekezwa na serikali wakati wa janga la corona, na kusema kuwa takribani asilimia 89 kati yake zilikuwa na taratibu za data zilizohatarisha au kukiuka haki za watoto. Baadhi zilifuatilia watoto na kutuma taarifa zao kwa makampuni ya matangazo.

Kwa familia iliyokimbia vita au mateso, jina kamili, picha na mahali mtoto alipo si taarifa ndogo. Tahadhari za msingi ni rahisi: mwalimu atumie akaunti moja ya darasa badala ya kumsajili kila mtoto, atumie namba au majina ya utani pale programu inapotaka majina, asipakie picha za wanafunzi, na asiingize barua au nyaraka za familia kwenye programu za akili mnemba ili zitafsiriwe. Zana zinazofanya kazi bila intaneti zina faida hapa pia, kwa sababu alama za mtoto zinaweza kubaki ndani ya kompyuta ya shule.

Mwalimu naye ni mwanafunzi

Dzaleka ina historia yake katika elimu ya mtandaoni. Mwaka 2010 ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza duniani ambako taasisi za Wajesuiti zilianza kutoa masomo ya diploma kwa wakimbizi kwa njia ya mtandao, yakithibitishwa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Mpango huo, ambao sasa unajulikana kama Jesuit Worldwide Learning, uliwapa watu waliozuiwa kwenda chuoni nafasi ya kupata cheti cha chuo wakiwa kambini.

Nchini Kenya, katika kambi ya Kakuma, mradi wa Teachers for Teachers ulioongozwa na kitivo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia ulichanganya mafunzo ya ana kwa ana na ushauri kupitia WhatsApp. Walimu waliopata ugumu darasani waliandika tatizo lao na kupata majibu kutoka kwa wenzao wa kambini na washauri wa mbali. Njia hii hutumia bando dogo kuliko video, na faida yake hufika darasani kwa mdomo na chaki ya mwalimu, bila kuhitaji kifaa hata kimoja mikononi mwa wanafunzi.

Aanzie wapi?

Kwa mwalimu wa Dzaleka au Kawale anayetaka kuanza muhula huu, maswali manne yanatosha kupima zana yoyote. Je, itafanya kazi mtandao na umeme vikikatika? Je, mwanafunzi wangu anaielewa lugha yake, au nitaweza kuitafsiri mimi? Je, inalingana na kile kitakachoulizwa kwenye mtihani? Je, inataka taarifa gani za watoto?

Kisha achague mada moja tu, ile ambayo kila mwaka huwashinda wengi. Tuseme ni desimali. Anapakua video moja na zoezi moja siku anapopata mtandao mzuri. Anaitazama video mara mbili na kuandika pembeni kila mahali ambapo aliyesoma kwa Kifaransa atachanganyikiwa. Darasani anaanza na ubao: anaandika 3,5 upande mmoja na 3.5 upande wa pili, na kumwita mtoto aliyetoka Congo na mwingine aliyesoma Malawi waelezane, kwa Kiswahili, kila mmoja anasomaje namba yake. Ndipo anawasha simu au kompyuta kwa dakika 10. Wakimaliza, kila mtoto anajibu maswali matano kwenye daftari, na mwalimu anayasahihisha jioni ili ajue kama mada inayofuata inaweza kuanza au somo lirudiwe.